Mgomba Uliolipiwa Nauli

Jumamosi jioni, mwezi wa nane. Eldoret.

Leo jua limewaka tangu asubuhi, jua safi la kuanikia nguo. Majirani wote wa lain yetu ya nyumba za wafanyakazi wametoa blanketi zao kwenye ua na wanasalimiana kwa furaha kwamba mvua hatimaye imetupa nafasi. Mimi nimelichukia hili jua. Lilikuwa wapi Jumatatu ile?

Nimerudi kutoka Timboroa sasa hivi. Udongo wa kule bado umenikaukia miguuni na sina haraka ya kuuosha. Binti yangu Eseli yuko kwa jirani, anacheza. Mama mkwe wangu yuko jikoni anasonga ugali, na kwa namna anavyougandamiza huo mwiko nadhani anagombana na mtu. Najua ni nani. Hata mimi leo nimegombana naye, na hajanijibu.

Sijui ninaandika kwa ajili ya nani. Zamani nilikuwa nikimaliza ukurasa, mume wangu Elisha anauliza, "Umeniandika vizuri lakini?" Hakuwahi kuomba kusoma. Alitaka tu kujua kama ameandikwa vizuri. Basi leo nitamwandika, na kama kuna mtu ataniona mjinga, na anione.

Elisha alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha magome ya miwati hapa mjini. Alikuwa na mikono ya kahawia isiyotakata kwa sabuni yoyote, na kila nguo yake ilinuka gome. Tangu bendera ibadilishwe, watu wa Sisibo, kama tunavyouita mji huu, hawazungumzi kitu kingine ila mashamba. Ukienda sokoni ni shamba, ukienda kanisani ni shamba, hata kwenye matanga watu wananong'onezana kuhusu ni mzungu gani anauza na ni kampuni gani inaandikisha wanachama. Elisha aliingia kwenye kampuni moja, wakachanga kwa miaka, na miaka hiyo yote mimi nilivaa gauni moja la kanisani mpaka wanakwaya wakalizoea kuliko walivyozoea sura yangu.

Mwishowe kampuni ikanunua shamba la mzungu mmoja huko juu, upande wa Timboroa, ndani kabisa, mahali ambapo lori la miti likikuacha bado una mlima wa kupanda kwa miguu. Wakagawana kwa kura. Kila mtu aliingiza mkono kwenye kofia akatoa namba yake. Elisha akatoa kipande kilichokuwa chini tu ya bwawa.

Alirudi nyumbani siku hiyo akiimba. Aliniinua, mimi na unene wangu huu, akanizungusha. "Maji mlangoni, Dorika! Hutabeba mtungi tena maisha yako yote."

Na kweli sitabeba.

Kampuni ina sheria yake. Mwanachama lazima alale kwenye kipande chake, moshi uonekane, la sivyo kamati inakipigia kura upya. Basi Elisha akajenga kibanda cha udongo na mabati machache, akakitia mlango mzuri wa mbao na kufuli kubwa, maana hakuwa na kitu cha kuibiwa lakini alikuwa na mlango. Wikendi zote alikuwa huko. Mwezi huu alichukua likizo ya kiwandani akaenda kupalilia viazi. Mimi nilibaki mjini na kazi yangu ya kufundisha watoto wadogo wa kanisa. Nilikuwa nimwendee shule ikifungwa.

Sasa, juu ya lile bwawa. Mzungu alilichimba kwa ajili ya kondoo wake, akalijengea tuta la udongo, na pembeni akaacha mfereji mpana wa nyasi uliozunguka mpaka msituni. Bwawa likijaa, maji ya ziada yalipita huko. Wapima ardhi walipokuja kugawa, mfereji huo ukaangukia kwenye kipande cha Kipruto, jirani yetu wa juu. Je, wewe ungechanga miaka yote hiyo halafu upewe shimo? Kipruto akalalamika kwenye mkutano, na wanachama wakaona ana haki. Wakakubaliana aufukie apande viazi. Kuna mtu alisimama akasema mfereji ulikuwa wa mzungu na mzungu ameenda zake, watu wakapiga makofi. Mikono yote iliinuliwa. Mkono wa Elisha ulikuwa miongoni mwayo.

Tena alikwenda kumsaidia kuufukia. Huko juu watu wamezoea kusaidiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, hakuna anayeuliza wewe ni kabila gani maadamu una jembe. Jioni yake aliniambia jinsi walivyokunywa chai ya maziwa kando ya mfereji, chai ya Mama Chebet, mke wa Kipruto, na jinsi kale kasichana kao Chebet kalivyomwibia sukari kwenye kikombe huku anamtazama usoni.

Ndivyo tulivyoufunga mlango wa maji kwa mikono yetu, kwa furaha, tukinywa chai.

Jumatatu hiyo hapa mjini tuliona tu wingu. Lilikuwa jeusi kuelekea Timboroa, na mimi niliwaambia watoto wa darasa langu tazameni, huko kwa baba Eseli kunanyesha. Nilisema hivyo nikitabasamu. Habari ilitufikia kesho yake kupitia dereva wa lori. Mvua ya mawe ilianza mchana, ikafuata mvua ya kawaida ambayo haikuwa ya kawaida, na giza lilipokaribia bwawa likakosa pa kupumulia. Tuta likakatika. Watu wa huko wanasema walisikia kwanza mlio, wakadhani ni treni imetoka kwenye reli.

Mzee Barnaba, aliyekuwa na kipande karibu na mto, alipatikana chini ya daraja la mbao. Mungu amrehemu. Mkewe hajapatikana. Chebet hajapatikana. Elisha wangu hajapatikana.

Nilikwenda na kurudi sijui mara ngapi. Wanaume walitembea wamejipanga, kila mmoja na mti mrefu, wakidunga matope. Polisi walikuja wakaandika majina, wakaenda. Niliona kitanda changu cha zamani kikiwa kimekunjwa mara mbili. Niliona viazi vimeoshwa vikawa vyeupe, vimetapakaa mpaka msituni. Kibanda hakikuwepo. Mahali pake palikuwa laini na pasafi, kama sakafu iliyofagiwa kwa ajili ya wageni.

Halafu wakapata mlango. Ulikuwa umekwama kwenye panda ya mti wa msaipras mbali sana huko chini, na komeo lake na kipande cha fremu vikiwa vimeng'oka pamoja nao. Na kufuli lilikuwa limefungwa.

Limefungwa kwa nje!

Niliposikia hivyo nilipiga kelele mpaka watu wakanishika wakidhani nimechanganyikiwa. Lakini mimi nilikuwa nimeelewa kitu. Mtu halali ndani ya nyumba aliyoifunga kwa nje. Elisha hakuwa ndani maji yalipokuja. Alikuwa ametoka, alikuwa amekwenda mahali, na aliye mahali pengine anaweza kurudi. Nililing'oa lile kufuli na tangu siku hiyo nimelala nalo chini ya mto wangu, mimi mwalimu wa watoto wa kanisa, kama mganga na hirizi yake.

Wiki hii mtu akaniambia kuna mwanamume asiyejulikana amelazwa kwenye hospitali moja ya misheni, aliokotwa barabarani, hasemi jina lake. Sikusubiri hata kumaliza kusikiliza. Nilimkuta amefungwa bendeji kichwani, mzee kuliko Elisha, mwenye ndevu ambazo Elisha asingeweza kuzifuga hata angepewa miaka kumi. Alinitazama kwa matumaini. Nadhani naye alikuwa ameambiwa kwamba kuna mwanamke anakuja, huenda ni wake. Nilimwachia ndizi nilizokuwa nimemletea Elisha, nikatoka nje nikalia kwenye ukuta wa hospitali bila kujali nani ananiona.

Ndipo Alhamisi mama mkwe akaja.

Anaitwa Rasoa, nasi wote tunamwita Mama. Alikuja kwa basi kutoka Maragoli kupitia Kapsabet, pamoja na Jotham, mdogo wake Elisha. Niliwapokea stendi. Watu wote walikuwa wamekwisha kushuka, na bado yeye alikuwa ndani, na utingo alikuwa akicheka na kutikisa kichwa. Kumbe alikuwa amekuja na mgomba. Sisemi ndizi. Shina zima la mgomba, bichi, refu kuliko mimi, limefungwa kwenye shuka jeupe. Utingo alitaka kuupandisha juu ya basi pamoja na kuku na magunia, Mama akakataa. Utingo akamwambia basi alipie kiti. Akalipa. Njia nzima mgomba uliketi dirishani na yeye ameushika kiunoni kwenye kona.

Nilielewa mara moja. Mimi pia ni wa huko. Kwetu mtu akipotelea majini au vitani na mwili ukakosekana, hukatwa mgomba wa kimo chake, huvishwa nguo zake, hulazwa kaburini na kuliliwa kama yeye. Bila hivyo, wanasema, marehemu hatulii, anazunguka akibisha milango ya watu.

Sikumsaidia kuubeba. Nilitembea mbele.

Nyumbani nilimwambia wazi kwamba Elisha hajafa. Nikamtolea kufuli. Alilishika, akaligeuza, akanirudishia kwa upole ulionichoma kuliko kama angelitupa.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimemzaa. Usifikiri nimekuja hapa kwa haraka. Lakini mtoto wangu hawezi kulala nje kwa baridi ya huko."

Jotham ni mtu mwema lakini ulimi wake hauna breki. Yeye akaingilia kwamba kuna jambo jingine, tena la maana. Alipitia kwa katibu wa kampuni, na katibu amemwambia kwamba vipande visivyo na mtu vitapigiwa kura upya baada ya mavuno. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo katibu alivyosema, na akamsalimia vizuri akaendelea na chai yake.

"Lakini shemeji, shamba yenye kaburi hakuna mtu atagusa," Jotham akasema. "Tukimzika huko, hiyo kipande ni ya Eseli mpaka mwisho wa dunia."

Nilimfukuza nyumbani kwangu. Nilimwambia kwamba anamuua kaka yake ili apate alama ya mpaka. Alikaa nje kwenye ngazi mpaka baridi ikamwingiza, na hakuna aliyemwambia kitu. Nimwandike kwa haki: alisema ukweli, na alikuwa anamfikiria mtoto wangu. Lakini mimi sikutaka ukweli, nilitaka mtu mmoja tu duniani akae upande wa kufuli langu.

Nilikwenda hata kwa mchungaji. Nilijua atakataa, na nilitaka akatae. Alisema kanisa haliombei mgomba, kwamba hayo ni mambo ya giza. Nilirudi nimebeba jibu hilo kwa ushindi. Mama akaniuliza, kama kanisa halimwombei Elisha kwa sababu hana mwili, basi kanisa limempangia nini? Hilo mchungaji hakuniambia.

Nilikubali kwenda nao leo kwa sababu moja tu, kuwazuia.

Tulifika kabla ya saa sita. Wanaume wachache wa kampuni walikuwa wamekwisha kuchimba, sehemu ya juu ya kipande, kwenye mwinuko ambako maji hayakufika. Walivua kofia waliponiona. Mama akaufungua mgomba kwenye shuka na kuulaza kwenye majani. Ulikuwa umeanza kutoa maji kwenye kidonda cha chini. Nilikuwa nimekuja na koti la Elisha, lile la kijivu la kwendea kanisani, si kwa sababu nilikubali bali kwa sababu Mama alilitoa kwenye msumari na mimi nilimnyang'anya, na tangu hapo nilikuwa nimelishikilia tu.

"Sasa tupe kimo," Jotham akasema. Alikuwa na panga. Aliongea akitazama chini. "Mama anasema alikuwa hapa. Mimi nafikiri alikuwa hapa. Wewe ndiye unajua."

Ni desturi yetu kumwuliza mke. Mama anamjua mtoto, ndugu anamjua kijana, lakini ni mke anayejua urefu wa mwanamume akilala.

Nilisema sijui. Nikasema tena, kwa sauti, kwamba sitatoa kimo cha mtu aliye hai. Nikalitoa kufuli nikawaonyesha wanaume wote pale, mmoja mmoja, kama mwuzaji sokoni. Nani afunge nyumba halafu afie ndani? Nani? Nijibuni! Wakawa wanatazama majembe yao. Mwanamume mmoja akasema ya Mungu ni mengi. Nilitamani kumpiga.

Hapo ndipo Mama Chebet alipokuja.

Niseme ukweli kuhusu mimi na yeye. Tangu Jumatatu ile sijamsalimia. Mfereji ulikuwa kwao. Kila mtu amesahau mikono iliyoinuliwa mkutanoni, kilichobaki midomoni mwa watu ni viazi vya Kipruto, na mimi nimekuwa wa kwanza kuvisema. Kipruto mwenyewe hatoki nje, wanasema anakaa akitazama ukuta. Mama Chebet alikuwa amechukuliwa na ndugu zake hadi Kaptagat kwa sababu maji yalimvunja mkono, na amerudi jana tu. Nilimwona akipanda ule mwinuko na mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, na moyo wangu ukasema kwa maneno kamili kabisa: afadhali wewe umepoteza, na ungepoteza zaidi.

Hayo ndiyo niliyofikiri juu ya mwanamke aliyepoteza mtoto. Nimeyaandika.

Alisimama mbali kidogo nasi. Hakutazama kitu ila lile kufuli mkononi mwangu.

"Mama Eseli," akasema, "hiyo kufuli nilimwona akifunga."

Nililishusha kufuli.

Alisema mvua ilipozidi, Elisha alitoka kwake, akafunga mlango ili upepo usiubebe, akapanda mbio kwao. Aliona bwawa limefika mdomoni. Yeye na Kipruto walichukua sepetu wakaenda kuuzibua mfereji waliokuwa wameufukia, wakachimba gizani, kwenye viazi, na mvua ya mawe ikiwapiga migongoni. Haukuzibuka. Udongo ulikuwa umeshika. Tuta lilipoanza kulia Elisha aliacha sepetu, Kipruto akabaki akichimba, naye akashuka mpaka kwao, akamkuta yeye na mtoto mlangoni.

"Alinishika mkono, na Chebet akamweka kwa mabega. Akasema tukimbie huku juu, hapa hapa mnachimba. Mimi nikaanguka. Akarudi kuniinua, akanisukuma kwa hiyo mti." Akaonyesha mti kwa kidevu. "Halafu maji ikaja. Nilimwona, Mama Eseli. Alikuwa anamshika mtoto miguu, hivi, ili asianguke. Hakumwachilia. Mimi niliona mpaka mwisho, na hakumwachilia."

Hakulia. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi kwenye baraza la chifu.

Nakumbuka kwamba Mama aliketi chini taratibu, akanyoosha miguu yake mbele kama wanavyoketi wafiwa kwetu, akaanza kulia kwa sauti, na kwamba ile sauti iliniudhi kwa sababu ilikuwa sauti ya jambo lililokwisha. Nakumbuka kufuli likiwa zito ghafla. Halikuwa na maana yoyote tena. Ni chuma tu kilichofungwa na mtu mwenye haraka.

Kama angepanda mwinuko moja kwa moja. Kama angejiokoa kama watu wengine. Elisha, mbona ulikimbilia juu kwa watu na una mtoto wako mwenyewe? Hayo ndiyo niliyogombana naye leo, kimoyomoyo, na naendelea kugombana naye hadi sasa. Watu watasema alikuwa shujaa. Katibu wa kampuni atalisema hilo mkutanoni na watapiga makofi kama walivyopiga kwa mfereji. Mimi sikuhitaji shujaa, nilihitaji mtu wa kunirudia na mikono yake ya kahawia.

Nilimwambia Jotham anipe panga.

Niliusimamisha mgomba wima, nikasimama nao uso kwa uso. Elisha akisimama, paji langu la uso lilikuwa likimgusa kidevu. Niliweka paji langu la uso kwenye lile shina la baridi, lililolowa, nikaweka kidole juu yake pale kidevu kingekuwa, nikaongeza kichwa. Watu wote waliona. Sikuona aibu hata kidogo. Nikapiga alama, tukaulaza, nikaukata mwenyewe. Mgomba hukatika kwa urahisi sana, ndani ni maji tu.

Mama alikuwa amekuja na mrefu kupita kiasi. Kumbe alimkumbuka mwanawe mrefu hivyo. Kipande kilichobaki nilikisukuma pembeni kwa mguu.

Tukamvisha koti. Nikafunga vifungo vyote, mpaka kile cha juu ambacho hakupenda kufungwa, kwa sababu ya baridi. Jotham na wanaume wakamshusha. Hakukuwa na mchungaji. Mama aliomba kwa Kimaragoli, akamtaja Yesu na akawataja babu zetu wote kwa sala moja, na sidhani kuna aliyekasirika huko waliko. Nikatupa udongo. Nikalitupa na kufuli.

Walipokuwa wanafukia niligeuka nikamwona Mama Chebet bado amesimama palepale. Nilidhani anangoja nimshukuru. Nilikuwa natafuta neno na silipati, kwa sababu kweli sikumshukuru. Alikuwa akitazama majani yaliyokuwa pembeni.

"Ile kidogo imebaki," akasema, "mtaifanya nini?"

Sikuelewa.

"Kwetu hatuna hii desturi. Mtoto akipotea, amepotea, na hata jina watu wanaacha kutaja." Akapangusa pua yake kwa mkono mzima. "Lakini mimi sina kitu ya kulaza. Nimekuwa nikiangalia hiyo ingine. Urefu yake ni yeye."

Nilikitazama kile kipande. Kilikuwa kimefika kiunoni kwangu, labda chini kidogo. Ningetaka kuandika hapa kwamba nilimsamehe. Sikumsamehe, hata sasa ninapoandika kuna mahali ndani yangu panapohesabu viazi vyao. Lakini nilikwenda nikakiokota. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotegemea, na kilinilowesha kifua. Jotham akataka kusema kitu juu ya mila, Mama akamnyamazisha kwa kumtazama tu. Kisha Mama akavua leso yake ya kichwani, yeye ambaye sijawahi kumwona kichwa wazi tangu niolewe, akanipa nikifunike.

Nikamwuliza Mama Chebet anataka tuchimbe wapi. Akasema hapa, kando ya Elisha, mtoto asiogope. Lakini kwanza anataka Kipruto amwone, huenda akatoka kwenye ule ukuta wake. Nyumba walikohifadhiwa sasa iko ng'ambo ya kilima, na yeye ana mkono mmoja tu. Nilisema nitambebea mpaka huko.

Alikataa kwa kichwa. Akanigeuzia mgongo, akainama, kama tunavyoinama sote, akangoja nimwekee.

Nilimwekea. Nikamfungia lile shuka jeupe la mgomba vizuri, fundo juu ya kifua, nikahakikisha haliumizi mkono uliovunjika. Akajirusha kidogo ili kukaa sawa, akaanza kushuka mlima, na kila hatua kadhaa mkono wake mzima ulikuwa unakwenda nyuma na kupigapiga chini ya kile kifurushi.

Sasa Mama ananiita nikale. Nitakwenda nikae naye hata kama siwezi kumeza. Jumatatu nitamwambia mwalimu mkuu kwamba ninahamia Timboroa na Eseli, kulala kwenye kipande, moshi uonekane. Na Mama Chebet atakuwa jirani yangu wa juu maisha yetu yote. Asubuhi ya kwanza akija kuomba moto au chumvi, nitamwambia nini?